Rimu za Harusi ya Waseela

Wapo watu ambao wakipita mbele ya nyumba yenye mlango wa nakshi humaliza hukumu papo hapo barabarani: hapa wanaishi waungwana, hapa raha haikauki. Hawajui kama ndani dari inavuja na kuta zimeliwa na mchwa. Wakifika penye mlango wa mabati, hufyonza na kwenda zao, wasijue wameyapita makaribisho mema na pilau ya moto. Hao ndio walioambiwa kwamba nyumba njema si mlango. Uzuri wa kitu, na wa mtu vilevile, hukaa mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki, na anayetaka kuujua hana budi afungue aingie.

Igshaan Gamieldien wa kitongoji cha Mitchells Plain alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mtaa mzima ulimwita Boeta Igshaan, yaani Kaka Igshaan, hata wazee waliomzidi umri. Ukuta uliochakaa ukipita mikononi mwake, kesho yake ulimeremeta kama yai lililomenywa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: aliamini kwamba hakuna ubaya duniani usioponywa na kopo la rangi.

Fahari yake nyingine ilikuwa gari lake kuukuu aina ya Cortina, ambalo alilifufua kwa mikono yake mwenyewe. Binti yake wa pekee, Waseela, alipokuwa mdogo, alikuwa akimpokeza spana kila Jumapili asubuhi huku akila andazi la koesister, midomo yote nazi na shira. "Siku utakapoolewa," baba alizoea kumwambia, "hakuna gari litakalokupeleka ukumbini ila hili, na hakuna dereva ila mimi." Mtoto akakua na ahadi hiyo, na baba akazeeka nayo. Sasa Waseela alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Zaid Toefy, harusi ilikuwa Jumamosi, na Igshaan hakulala usingizi kwa furaha.

Gari likapakwa rangi nyeupe ya maziwa. Likabaki jambo la magurudumu, maana yale ya kiwandani yalikuwa madogo na meusi. Igshaan akanunua rimu nyingine, pana, zilizochongwa mfano wa maua. Matundu ya nati yalilingana na ya gari, na kwake hilo lilitosha. Akazipiga rangi ya dhahabu ili zifanane na medora, kile kitambaa cha nyuzi za dhahabu anachofungwa bibi harusi wa kwetu kichwani. Alipaka mbele, akapaka nyuma, akapaka hata kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hukaa juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka kopo likaisha. Kisha akafunga magurudumu, akakaza nati, akarudi nyuma na kusimama mikono kiunoni.

"Mymoena!" alimwita mkewe. "Njoo uone! Njoo kabla jua halijaona wivu!"

Majirani wakamiminika. Huyu alisema maashallah, yule akapiga picha, mwingine akalizunguka gari kama anatufu. Igshaan alijaa kifua mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada.

Mtu mmoja tu hakusifu, naye alikuwa Zaid, bwana harusi mwenyewe. Alikuwa amekuja na pikapu yake. Na pikapu hiyo, jamani! Mlango mmoja wa bluu, mwingine mwekundu, boneti imefifia, rimu nyeusi za chuma zisizo hata na vifuniko. Igshaan alikwisha kumkataza kuiegesha mbele ya nyumba. "Iweke kule kwenye kona," alimwambia, "watu wasije wakadhani nimefungua biashara ya vyuma chakavu." Kusema kweli, usiku mwingine alijiuliza binti yake aliona nini kwa kijana mwenye gari kama lile.

Zaid alichuchumaa, akachungulia nyuma ya gurudumu la dhahabu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hili tundu la katikati naona kama..."

"Kijana," Igshaan alimkata kauli, "mwenye rimu kama zako hafungui mdomo mbele ya rimu kama zangu."

Watu wakaangua kicheko. Zaid naye akacheka kidogo kwa adabu, akainuka na kujipangusa magoti.

Alhamisi Igshaan alimpakia mkewe wakalijaribu gari. Mitaani lilikwenda kwa madaha. Walipoingia barabara kuu ya N2 na mwendo ukapanda, usukani ukaanza kutetemeka. Kioo cha ndani kikafuata, kisha dashibodi, kisha meno ya Mymoena.

"Baba Waseela! Mbona tunachekechwa kama unga?"

"Barabara mbovu hii."

"Barabara! Mbona yule mama wa pembeni anakunywa chai ndani ya gari lake na haimwagiki?"

Igshaan alipunguza mwendo, mtetemo ukakoma. Alipoongeza, ukarudi na nduguze. Walirudi nyumbani, na ukumbi wa harusi ulikuwa katika mji wa Strand, mbele kabisa kwenye barabara hiyohiyo.

Mymoena alipofika alitangaza hukumu mbele ya wote. "Medora inafungwa kwa muda mrefu na mama mwenye mikono yake ya pekee. Sitaki mwanangu afike Strand imemwangukia shingoni. Kama kesho mpaka Magharibi gari hili bado linatetemeka, Waseela atapanda gari la Riedwaan."

Riedwaan alikuwa kaka yake Mymoena, mwenye gari jipya jeupe, refu kama treni, na ulimi mrefu kulishinda gari lake. Alikuwa pale pale akitafuna sambusa.

"Usihofu, shemeji," alisema, mdomo umejaa. "Na wewe nitakubeba. Utakaa nyuma, nitakupa kiti cha dirishani."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Igshaan alijilazimisha kutabasamu. Miaka yote ile ya ahadi, halafu akae nyuma kama mzigo!

Ijumaa alidamka, akalipeleka gari kwa mafundi wa kubalansi matairi. Wakayapachika magurudumu kwenye mashine moja baada ya jingine. "Mzee, mashine inasema hayana tatizo lolote," walimwambia. Akaenda kwingine wakaangalia alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, nako wakamwambia iko sawa. Akarudi barabara kuu, akapandisha mwendo. Loo! Usukani ulitetemeka mikononi mwake kuliko jana.

Baada ya swala ya Ijumaa alijificha nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kopo tupu la rangi, kichwa mikononi. Waseela akamfuata huko. Alikuwa amepakwa hina mpaka viwikoni, haijakauka, kwa hiyo alitembea ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Baba, hujala."

"Sina njaa, mwanangu."

"Jana pia ulisema hivyo."

Igshaan aliinua macho yaliyolowa. "Labda mjomba wako amesema kweli. Gari lake ni zuri. Utakaa vizuri."

"Mimi sikuahidiwa gari la Mjomba Riedwaan," Waseela alisema. "Nimeahidiwa hili, na dereva wake. Muulize Zaid."

"Zaid? Yule mwenye pikapu?"

"Umewahi kuipanda, Baba?"

Igshaan hakuwahi kuipanda. Hakuwahi hata kuikaribia, asije akachafua suruali.

Kabla hajasema neno, vigelegele na mayowe yakalipuka upande wa mbele. "Bwana harusi! Bwana harusi huyo! Mficheni bibi harusi!" Zaid alikuwa ameleta masufuria ya biriani. Mashangazi wakamkokota Waseela ndani, mikono yake ya hina bado iko hewani, naye akicheka na kupiga kelele, "Muulize, Baba!"

Igshaan alitembea hadi kwenye kona ilikoegeshwa pikapu. Hatua zile zilikuwa nzito kuliko ngazi zote alizowahi kupanda na ndoo ya rangi mkononi. Alikohoa.

"Mwanangu," alisema, "juzi ulitaka kuniambia jambo, nikakufunga mdomo mbele za watu. Nilikosa. Sasa naomba useme."

Zaid aliweka sufuria chini taratibu. "Hujanikosea, Mzee. Nilitaka kusema tu kwamba rimu zako ni nzuri sana kwa mbele. Naomba tuzitazame kwa nyuma."

Wakaleta jeki. Zaid alipoishika nati ya kwanza na spana, ilizunguka kama mfuniko wa chupa. Ya pili hivyohivyo. Igshaan alikumbuka kwamba jana tu alikuwa amempakia mkewe kwenye gari hilo barabara kuu, na kesho alitaka kumpakia binti yake.

"Lakini nilizikaza!" alisema. "Wallahi nilizikaza mpaka bega likauma!"

"Ulikaza, Mzee, ila ulikaza juu ya rangi. Rangi inapondeka kidogo kidogo gari linavyokwenda, na nati zinabaki zimelegea."

"Rangi yangu ina kosa gani?"

"Ukutani haina kosa hata kidogo. Hapa chuma kinataka kulalia chuma."

Gurudumu likatoka. Zaid akaligeuza, akamwonyesha tundu la katikati, kisha akamwonyesha kitovu cha gari. "Magurudumu ya zamani yalikikumbatia hiki kitovu. Haya mapya yametengenezwa yaweze kuvaliwa na magari mengi, kwa hiyo tundu lake ni kubwa. Jaribu kidole chako." Igshaan akajaribu. Palibaki nafasi kati ya chuma na chuma. "Unaona? Limevaa kiatu cha baba yake. Haliko katikati, na uzito wote umebebwa na nati."

"Na ile mashine ya balansi mbona haikusema?"

"Mashine inalishika gurudumu katikati yake lenyewe. Kule linatulia. Huku kwako halina mahali pa kukaa."

Igshaan alitazama lile ua la dhahabu, akaligeuza, akatazama nyuma yake palipojaa mabonge ya rangi kama uji ulioganda. Kwa mara ya kwanza aliona haya.

Dawa ilikuwa pete: pete nne za chuma chepesi, ambazo kwa nje zingejaza tundu la rimu na kwa ndani zingebana kitovu. Zaid alichukua vipimo, akampigia simu Bwana Fortuin, mkereza vyuma wa Salt River, aliyekuwa anajiandaa kufunga karakana. "Njooni," alisema mzee yule, "lakini msiniletee mapambo ya harusi, nileteeni sambusa."

Gari la pekee lililokuwa tayari lilikuwa pikapu ya milango miwili ya rangi mbili. Igshaan akapanda. Alikaa ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili, akingoja mifupa yake iteswe. Wakaingia barabara kuu. Mwendo ukapanda, ukapanda tena. Igshaan akangoja. Akaweka kiganja juu ya dashibodi. Hapakuwa na kitu. Chuma kile chakavu kilikuwa kinateleza kama kimepakwa samli, na usukani umetulia mikononi mwa Zaid.

"Nani anakufungia magurudumu?" hatimaye aliuliza.

"Mwenyewe, Mzee. Navisafisha vitovu kwa brashi ya waya kila ninapoyatoa. Rangi ya mwili itangoja."

"Na kwa nini unahangaika hivyo kwa gari kama hili?"

"Kila Jumatatu nampeleka mama yangu hospitali kwa gari hili. Mgongo wake haupendi mitetemo. Na sasa atapanda Waseela."

Igshaan aligeuza uso dirishani, akajifanya anatazama mlima wa mbali. Alikuwa analia, tena hakujali. Hivi ndivyo binti yake alivyoona, naye baba mtu alikuwa amesimama nje akihesabu rangi za milango!

Bwana Fortuin alikereza pete huku akitafuna sambusa. Waliporudi, Igshaan mwenyewe ndiye aliyeelekeza kwa mkono: "Egesha hapa hapa, mbele ya nyumba. Kama mtu ana neno, aje kwangu." Kisha akavua saa, akakunja mikono ya shati, akashika msasa. Kwa mtu aliyepaka rangi maisha yake yote, kuiondoa kwa mkono wake mwenyewe kulikuwa kama kujinyoa ndevu bila sabuni. Aliikwangua kitovuni, akaikwangua nyuma ya rimu na kwenye matundu ya nati, mpaka chuma kikaonekana kitupu. Pete zikaingia, zikabana vizuri. Gurudumu lilipowekwa, lilikaa lenyewe kabla ya nati hata moja. Zaid akamwonyesha jinsi ya kukaza kwa kuvuka: hii, kisha ile inayoielekea, kidogo kidogo, na kumalizia gari likiwa limeshuka chini.

Mymoena alikuwa anachungulia dirishani. "Kumbe kesho tunaoza wawili," alisema. "Naona hata gari linavishwa pete."

"Njoo ulijaribu, mke wangu!"

"Nakuja, lakini na shahidi wangu." Akatoka na kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni, akapanda nacho. "Wewe sikuamini, na huyu mkwe wako simwamini. Nakiamini kikombe."

Jua lilikuwa linashuka walipoingia barabara kuu. Mwendo ulipofika pale ambapo jana meno yalianza kugongana, Igshaan alishusha pumzi na kusoma Bismillahi. Usukani ulitulia. Akaongeza mwendo, ukatulia vilevile. Aligeuka akaona mkewe amekikodolea macho kikombe, na chai inayumbayumba kidogo tu, haimwagiki. Mymoena akanywa funda moja.

"Imepoa," alisema, "lakini dereva nimempata."

Igshaan alipiga ukelele wa furaha ambao ulimfanya dereva wa lori pembeni aangalie tairi zake. Waliporudi, adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza, na Waseela alikuwa dirishani, mikono hewani. Baba yake alipiga honi kwa nguvu zake zote, na bibi harusi akaruka ruka kama mtoto mpaka mashangazi wakamwomba aihurumie hina.

Jumamosi Zaid alifunga ndoa msikitini, akaja nyumbani na watu wake kumvisha mkewe pete, kisha maarusi wakaingia nyuma ya gari jeupe la rimu za dhahabu. Medora ya Waseela iling'aa hata majirani wakanyamaza. Igshaan, katika suti yake na tarbushi nyekundu, akakamata usukani. Msururu wa magari ukaondoka kwa honi na vigelegele, gari refu la Riedwaan likiwa nyuma yao.

Walipokaribia kitongoji cha Macassar, njiani kwenda ukumbini, Igshaan aliwasha taa, akaegesha kando ya barabara. Msururu mzima ukasimama. Riedwaan alitoka mbio, mikono juu.

"Nilisema! Si nilisema? Bibi harusi, njoo huku, mlango u wazi!"

"Tulia, shemeji," Igshaan alimjibu, akitoa spana. "Magurudumu yakishafungwa upya, ukienda kitambo lazima uyakague. Ndivyo mkwe wangu alivyonifundisha." Akapiga goti na suti yake. Zaid, katika joho lake la harusi, akapiga goti upande wa pili. Watu wakatoa simu kupiga picha. Wawili wale walizunguka gurudumu moja moja wakiulizana na kujibizana kama wanaoimba.

"Imekaza?"

"Imekaza, Baba!"

Ilikuwa mara ya kwanza Zaid kumwita Baba. Igshaan aliisikia, akaisahau nati aliyokuwa anakagua, ikabidi aanze upya. Hapakuwa na iliyolegea hata moja.

Strand, mbele ya ukumbi, yule mama aliyeifunga medora aliikagua kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa kwa mshangao. Hapakuwa na pini iliyosogea. Waseela alishuka, akamkumbatia dereva wake, na wote wawili wakalia na kucheka kwa wakati mmoja, jinsi wanavyolia watu waliopata walichokitaka.

Wageni walilizunguka gari. Riedwaan alisukumana mpaka mbele, akazipapasa zile rimu, akasema kwa sauti iliyoshuka, "Shemeji, nimekuja nyuma yako njia nzima. Gari halikutikisika hata kidogo. Niambie umezinunua wapi. Nami nataka kama hizi."

"Rimu utazipata popote," Igshaan alisema, akamvuta Zaid karibu na kumshika bega. "Mkwe kama huyu ndiye utakayemtafuta mpaka uchoke. Nami nilikuwa naye mlangoni kwangu siku zote, nikamhukumu kwa rangi ya pikapu yake."

Akamshika mkono, wakaingia ukumbini pamoja, huku nyuma yao Riedwaan akikunja suruali yake nzuri na kupiga goti, achungulie na yeye nyuma ya gurudumu. Hakuna aliyemcheka, maana kila aliyekuwa pale sasa alikwisha kuelewa: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.